Gesi chafu za Dar: kipi hasa kinazipandisha?

Kijana wa Chanika
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mabasi ya mwendokasi yapo barabarani tangu 2016. Bwawa la Nyerere linazalisha umeme wa maji tangu 2024. Nilidhani gesi joto za Dar, yaani zile zinazonasa joto angani, zingekuwa zinashuka, ila mwalimu wetu wa jiografia anasema zinapanda. Kwa nini?

Mama Mkaa Tandika
Mwanangu, nimeuza mkaa Tandika miaka 14, nakujibu kwa niliyoyaona. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Walioongezeka hawakujenga Kariakoo. Wamejenga Chamazi, Bunju, huko kwenu Chanika, na kila alfajiri wanakuja mjini kwa daladala na bodaboda. Mwendokasi ni mzuri, lakini haujawafikia mlangoni.

Halafu jiko. Wateja wangu wengi wana mtungi wa gesi ndani. Chai wanachemshia gesi, maharage na makande wanapikia mkaa. Wala si ushamba. Mkaa unanunua kopo moja kwa hela ya leo. Mtungi unataka hela ya mwezi mzima siku moja. Januari ya ada za shule ndiyo nauza kuliko miezi yote.

Na moshi mwingi wa mkaa huo hautoki Tandika. Unatoka kwenye tanuri la udongo porini Rufiji, magogo yanaungua chini kwa chini siku kadhaa. Ukihesabu ndani ya mipaka ya jiji tu, moshi huo unauandikia Rufiji, na aliyekula wali yuko hapa. Hilo linaniuma.

Fundi Umeme
Shikamoo mama. Niongezee dampo la Pugu Kinyamwezi: mabaki ya chakula yakioza bila hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kuhusu umeme, tazama mvua. Ilipokosekana 2022 tulipata mgao wa umeme, na jenereta zikanguruma mtaa mzima.

Kijana wa Chanika
Asanteni. Mama, kwa hiyo gesi ingeuzwa kidogokidogo kama mkaa?

Mama Mkaa Tandika
Ipo, mwanangu. Ya mita, unalipia kwa simu kiasi unachopikia. Jirani zangu watatu wamefungiwa. Tangu hapo hawajaja na kopo, hata Januari.