Wakuu msaada, ofa ya kisu changu inajifuta halafu inarudi na jina lile lile

mzee_wa_AWP:
Habari za jioni wakuu. Kuna kitu kinanitatiza tangu jana na huku mtaani hamna wa kumuuliza, wengi wanacheza mpira tu kwenye PlayStation. Nina kisu cha ndani ya gemu la CS2 (Counter-Strike 2), aina ya Gut Doppler, kwa bei za sokoni kinakaribia laki nne, nikapata mteja kwenye soko moja la skini (mapambo ya silaha za kwenye gemu), nikabonyeza kuuza na boti ya soko, yaani akaunti yao inayojiendesha, ikaleta ofa ya kukabidhi kisu kama kawaida. Nafungua simu nithibitishe, ofa imefutwa. Hapo hapo ikaingia nyingine, jina lile lile, picha ile ile, kisu kile kile. Kidole kiko juu ya kitufe ndo naona levo ya hiyo akaunti ni 0 na imefunguliwa mwezi huu huu, wakati boti ya soko ni ya miaka kibao. Nikaikataa. Leo asubuhi nimejaribu tena, mchezo ule ule.

Kumbana dogo (kompyuta tunatumia moja) akasema kuna jamaa wa Discord (app ya kuchati ya wachezaji) alimuomba aipigie kura timu yao iingie mashindano, akafungua linki, kikatokea kidirisha cha kuingia Steam (huko ndo gemu na vitu vyake vinakaa), akajaza akaunti yangu na ile namba ya uthibitisho ya kwenye simu akaja kuniomba akidai gemu linaitaka. Pasiwedi nimeshabadilisha lakini hali bado. Niuze fasta kabla hawajakibeba au?

fundi_nyaya:
Usiuze na usithibitishe chochote mkuu. Hao wako ndani tayari. Dogo alipoingia pale walichukua akaunti wakatengeneza ufunguo wa API, ambao kwa kawaida ni wa watu wanaotengeneza programu, sasa wao wanautumia kuchungulia ofa zako zote. Ofa ya kweli ikiingia boti yao inaifuta sekunde hiyo hiyo na kukuletea feki inayofanana. Kisu hawawezi kukitoa bila wewe kubonyeza kwenye simu, ndo maana wanasubiri ubonyeze mwenyewe. Na kubadilisha pasiwedi peke yake hakufuti ule ufunguo.

Fanya hivi, na utumie kifaa ambacho dogo hajakigusa: andika kwa mkono steamcommunity.com/dev/apikey, ukikuta ufunguo ambao hukuuweka futa, kisha nenda mipangilio ya Steam Guard (ulinzi wa akaunti) utoe vifaa vyote vilivyoingia, halafu ndo ubadilishe pasiwedi tena, na mwisho tengeneza linki mpya ya kupokelea ofa maana ya zamani wanayo.

jamaa_wa_bunju:
Laki nne kwa picha ya kisu 😂😂 Kariakoo cha kukatia nyama kabisa unapata kwa elfu tano na chenji ya daladala

msaada_haraka:
Pole sana mkuu. Njoo PM, nina mtu wangu yuko ndani ya Steam anafungia hao matapeli na kurudisha vitu, unachangia elfu 30 tu ya kuanzia.

bi_mkubwa_wa_headshot:
Huyo hapo juu ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kahamia kwenye magemu tu. Wasimamizi mtoeni. Mfanyakazi wa Steam hakufuati Discord wala PM, na kitu kikishatoka kwenye akaunti yako sapoti yao haikirudishi hata ulie vipi, sasa huyo mtu wake anakirudisha na nini?

pwani_ngware:
Kaka, nikiwa hapa Mombasa nishaona vijana wengi wakilizwa na hiyo ya kura. Ile ya pili wanayoipenda ni "samahani nimekuripoti kwa bahati mbaya, ongea na admini huyu". Mwambie dogo ajue kile kidirisha huwa kimechorwa ndani ya ukurasa, si dirisha la kweli, hata anwani inayoonekana juu ni mchoro. Akikishika na kukivuta kitagota kwenye ukingo wa brauza, hakitoki nje. Pia kama umeshaingia Steam kwenye brauza, ukurasa wa kweli unakuonyesha jina lako na kitufe tu, hauombi pasiwedi.

Halafu kuna kinga ilikuja Julai 2025, ofa ya CS2 ikipita una siku 7 za kuitengua wewe mwenyewe, si sapoti. Lakini usiichezee, inatengua ofa zako zote za hizo siku 7, hata ulizofanya na watu wa kweli, na akaunti inafungiwa kuuza na kubadilishana siku 30.

mzee_wa_AWP:
Apdeti. Nimetumia laptopu ya jirani. Ufunguo nimeukuta kweli, una jina la tovuti ambayo sijawahi kuisikia maishani. Nimefuta, na kwenye vifaa kulikuwa na kimoja kinasoma nchi nyingine kabisa, nimetoa vyote, pasiwedi mpya, linki mpya. @msaada_haraka kanifuata PM mara mbili, sasa hivi amefika elfu 15 😂

fundi_nyaya:
Safi. Usianze na kisu. Uza kitu cha bei chee kwanza uone kama ofa inafutwa. Na uangalie meseji zilizotumwa kwenye akaunti yako, wakiingia huwa wanawatumia marafiki zako linki ile ile kwa jina lako.

mzee_wa_AWP:
Duh, zipo kweli, wametumiwa watu kama kumi hivi na mmoja kajibu "nimeshapiga kura mzee". Nimempigia sasa hivi afanye kama nilivyofanya. Stika ya kutupa imepita bila ofa kujifuta, levo ya boti ni ile ya siku zote. Kisu nakiweka sokoni kesho, pasiwedi dogo haipati tena.