Mrejesho: paipu ya maji moto kutoka sola, nyumba ya Lamu

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa paipu gani ya plastiki ishushe maji moto kutoka sola ya paani hadi vyoo viwili, nyumba ya mawe ya kale. Nimechukua peksi (PEX, paipu ya plastiki inayopindika na kuhimili maji moto), kipenyo milimita 20.

PVC, ile plastiki ngumu ya kawaida, niliiacha mapema. Ikifika nyuzijoto 60 hulegea, na sola yangu saa nane mchana hupita hapo. PPR, plastiki ngumu ya maji moto, ni nzuri, ila huja vipande vya mita 4. Jaribu kuvipitisha vichochoro vya Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, juu ya punda! Rola la peksi lilitoka gatini begani, likapinda na kuta bila viungo vingi. Kiungo kikivuja ndani ya ukuta wa matumbawe, utabomoa lipu yote.

Muuzaji alinisukumia ile ghali yenye tabaka la kuzuia oksijeni. Hiyo ni ya nchi za baridi wanakopasha sakafu: maji yaleyale huzunguka, na oksijeni ikipenya plastiki hutia kutu vyuma vya boila. Yangu ni ya kuoga, huingia mapya kila siku.

Kosa langu: kipande cha paani nilikiacha wazi wiki tatu. Uliyenionya kuwa jua huiua peksi, niwie radhi. Nimekikata, kipya nimekivisha sponji nyeusi. Fundi bado ananidai mia tano.