Ukoo wa Bibi Mwantumu: Jumamosi ni Uluguru

JUMATANO USIKU

Shangazi Zuhura: Assalaam aleykum wanaukoo. Kila siku mnalalamika kwamba tunakutana kwenye misiba na harusi tu. Haya, Jumamosi hii twende Moro, tupande milima ya Uluguru, jioni kila mtu alale kwake. Kwa treni ya umeme, SGR. Nani yumo?

Bakari: Shikamoo shangazi. Nimo 🙋🏾‍♂️

Salma: Nimo

Idrisa: Nimo. Ila tufike Bondwa kabisa, tusiishie chini kupiga picha

Mama Nasra: Bondwa ndiyo nini tena? Magoti yangu mnayajua

Kaka Hamisi: Si twende na gari langu tu? Tunaenea watu saba.

Shangazi Zuhura: Hamisi, gari lako litoke na foleni ya Kimara, likae nyuma ya malori mpaka Chalinze, tufike Moro jua la utosi. Treni haifiki saa mbili njiani. Halafu jioni, miguu imekufa, nani anaendesha? Wewe unasinzia hata kwenye hitma.

Bakari: 😂😂😂 kapigwa penyewe

Kaka Hamisi: Sawa shangazi. Nauli?

Shangazi Zuhura: Daraja la kawaida 13,000 kwenda, kurudi vilevile. Nasra yuko chini ya miaka 12, analipa nusu. Nitumieni namba za vitambulisho leo hii, nikate za kwenda na za kurudi kwa pamoja. Sitaki kusikia mtu amekwama Moro eti treni ya jioni imejaa.

Kaka Hamisi: Mimi nakaa Gongo la Mboto, nije mpaka mjini kufanya nini? Nitapandia Pugu.

Salma: Kaka, angalia tiketi yako kwanza. Treni za haraka hazisimami Pugu, zinapita vuu.

Shangazi Zuhura: Nimekukatia inayosimama. Wengine tukutane stesheni nusu saa kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo pale, na mlango ukifungwa umefungwa, hakuna cha "konda nisubiri".

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Waaleykum salaam. Nimesoma yote. Karibuni mji kasoro bahari. Ila nawashauri mambo kadhaa, maana naona Idrisa anazungumzia Bondwa kama anazungumzia Coco Beach.

Idrisa: Shikamoo ba'mkubwa 😅

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Marahaba. Sasa sikiliza. Stesheni mpya iko Kihonda, siyo mjini kama ile ya zamani ya Mjerumani. Mkishuka mpande bajaji au daladala mpaka Msamvu, halafu mjini, halafu muanze kupandisha. Hapo asubuhi imeshakatika. Mji wenyewe uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa kimepita 2,000. Mtu aliyelala Sinza, akaamka na kupanda treni, akapandisha hiyo yote akarudi kuwahi treni ya jioni, ama ni mwanajeshi ama anajidanganya.

Idrisa: Ba'mkubwa mimi nakimbia kila Jumapili pale Tanzanite

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Daraja la Tanzanite halina mlima. Tena Bondwa iko ndani ya hifadhi. Lazima upite ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu, ulipe kiingilio, upewe mtu wa kukuongoza. Ofisi mpaka ifunguliwe, mpaka mwandikwe, saa inakwenda.

Shangazi Zuhura: Kwa hiyo tuishie wapi kaka?

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Morningside. Lile jumba la Wajerumani, chini kidogo ya msitu. Njia ni barabara ya zamani, hata Mama Nasra ataiweza akienda mwendo wake. Mnauona mji wote, na bwawa la Mindu kule magharibi. Nitawatafutia kijana wa hukohuko awatangulie, kwa sababu njia za mkato za mashambani zinachanganya.

Mama Nasra: Ba'mkubwa Mungu akubariki. Viatu gani?

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Vyenye meno. Udongo mwekundu ule ukipata umande kidogo tu unakulaza chini. Na sweta. Mwezi huu wa saba huku kuna baridi, msitudharau.

Bakari: Kwa nini isiwe Jumamosi ya wiki ijayo? Nitakuwa nimepata mshahara

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Wiki ijayo ni Nane Nane. Kanda yote ya Mashariki inakuja kwenye maonyesho ya wakulima hapa. Tiketi mtazisikia redioni.

Shangazi Zuhura: Bakari nitakukopesha. Kwa maandishi.

JUMAMOSI

Salma: Tumeondoka jamani. Hakuna kelele wala kutikisika, hadi nilidhani bado tumesimama

Mama Nasra: Nasra amekodolea macho kile kioo kinachoonyesha mwendo. Kimefika 158 anapiga makofi. Anauliza kwa nini hakifiki 160 😂

Kaka Hamisi: Nipo Pugu nawaona mnakuja. Behewa la ngapi?

Bakari: Kaka angalia tiketi!! Imeandikwa

Kaka Hamisi: Nimeingia. Sikujua ni kuzuri hivi, kumbe kila siku najitesa na usukani.

Shangazi Zuhura: Mmeona Ruvu tulipovuka? Salma anashangaa nikimwambia maji anayoogea Dar yanatoka milima tunayokwenda.

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Ni kweli kabisa. Mito ya Uluguru ndiyo inaulisha Ruvu. Huku wakikata msitu, huko kwenu bomba linakohoa.

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Nawasubiri nje ya geti. Milima iko wazi, ila Bondwa imeshavaa wingu. Idrisa, leo ungepanda ungeona ukungu na miguu yako tu.

[saa 4 na robo]

Bakari: *picha*
Hivi hawa wanalimaje hapa? Ni ukuta huu! Njegere, ndizi, kabichi, mtu ukipiga jembe vibaya unajikuta mjini

Bakari: Na kwa nini wasichimbe matuta?

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Mwanangu umegusa historia. Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta miaka ya hamsini. Kazi ya shuruti, faida hawaioni. Mwaka 1955 watu wakakataa, ikawa vurugu kubwa na mradi ukafa. Ukikaa na wazee wa huko, usianze na habari ya matuta. Anza na hali ya mvua.

Bakari: Nimekuelewa ba'mkubwa 🙏🏾

Salma: Tumepishana na akina mama wanashuka sokoni. Tenga la nyanya kichwani, mkono mmoja umeshika kanga na mwingine simu, anaongea. Pekupeku. Wametusalimia wote, hakuna aliyepunguza mwendo. Idrisa na viatu vyake vya laki na ushee amekaa kwenye jiwe anavuta pumzi

Idrisa: Nilikuwa nafunga kamba

Mama Nasra: Dakika kumi za kufunga kamba 😂

[saa 7 kasoro]

Shangazi Zuhura: Tumefika Morningside, alhamdulillah. Jumba limechoka lakini kuta zimesimama. Upepo baridi, mji unaonekana wote chini. Tunakula mihogo na chachandu. Magoti ya Mama Nasra yamefika kabla ya mimi.

Idrisa: Shangazi, kijana anasema mpaka ukingo wa msitu ni karibu tu. Nipande mara moja?

Shangazi Zuhura: Hapana.

Idrisa: Saa moja tu shangazi

Shangazi Zuhura: Idrisa. Hatukuja kuhesabu tumepanda kiasi gani. Kuna treni, na treni haijui kwamba wewe ulikuwa ukingoni mwa msitu. Saa 8 kamili tunageuka, awe amefika mtu au hajafika. Kushuka kwenyewe kwa magoti haya ni kazi kuliko kupanda. Kisha Msamvu, kisha Kihonda, na sitaki kukimbia na begi stesheni kama mwizi.

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Sikilizeni shangazi yenu. Wengi wanaolala Moro bila kupanga ni wa "mara moja tu".

Idrisa: Sawa 🫡

Kaka Hamisi: Mimi nakaa hapahapa hadi niambiwe tuondoke. Sijapata utulivu huu tangu Ramadhani.

[saa 2 usiku]

Salma: Tumeingia Dar salama. Nusu ya behewa ni sisi tumelala midomo wazi

Mama Nasra: Mimi nimefika. Stroberi nilizonunua njiani kwa wale watoto zimepondeka kwenye begi, nimezigeuza juisi. Nasra anadai twende tena kesho.

Shangazi Zuhura: Hesabu kabla hamjalala. Bajaji za kwenda na kurudi nimelipa mimi, kila mtu 4,000. Kijana aliyetuongoza tumempa pamoja, hiyo imekwisha. Bakari wewe una nauli pia, sijasahau.

Bakari: Tarehe 5 shangazi wallahi

Idrisa: Mie Bondwa naitaka bado. Ba'mkubwa, tukija Ijumaa jioni na treni, tukalala kwako, Jumamosi alfajiri tukawa TFS?

Ba'mkubwa Athumani (Moro): Hapo sasa umeanza kuongea lugha ya mlima. Chumba cha uani kipo, vitanda viwili, wengine mkeka. Ila mje mwezi wa 9, vuli haijaanza. Na hicho kiingilio nitakuulizia ofisini Jumatatu.

Kaka Hamisi: Niwekeni. Na mimi nitapandia Pugu.

Salma: Kaka, angalia tiketi 😂