Hita ya tangi inakula umeme: sola au pampu ya joto?

Swali: Tangi la lita 100, hita ya kawaida. Nihamie wapi?

Jibu: Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni takriban uniti 4.7. Pampu ya joto hutumia kama theluthi, maana huvuta joto la hewani. Ila usiifungie kistoo kisichopitisha hewa: chumba kinapoa, nayo inahangaika. Iwekee na kibomba cha maji yanayodondoka.

Jibu: Sola isiyo na pampu ya kusukuma maji? Kitako cha tangi kipite ukingo wa juu wa paneli, sentimita 30 hivi. La sivyo usiku maji hurudi nyuma, yanapoa kwenye paneli.

Jibu: Kwanza vika mabomba sponji ya kutunza joto, rahisi. Tangi libaki nyuzi 60. Bakteria wa lejionela, waletao nimonia, hupenda vuguvugu.