Naomba ushauri: ripoti ya bure ya CRB (zile kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu) naipataje?
Wadau naombeni msaada, jana nimeenda sacco kuomba mkopo wa kumalizia paa la mama, afisa akanigeuzia kompyuta nione jina langu liko CRB, deni la app moja ya simu shilingi 1,450, na hiyo pesa nililipa kitambo, meseji ya M-Pesa ninayo hadi leo. Imeniuma sana.

Najua hapa Kenya sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka, lakini jamaa wa saiba ananiitisha 500 anitolee. CRB ziko tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, sasa nianze na gani bila kulipa? Na waliowahi kupinga deni, hiyo meseji ilitosha ama mlidaiwa barua?