Re: Vijana wetu wa kiume, nani wa kuwashika mkono?

Wapendwa naomba ushauri. Mwanangu ana miaka 15, shule wamemsimamisha tena kwa ugomvi, mimi naingia shifti ya usiku na baba yake hayupo. Kuna mtu kaniambia kuna programu wanawapeleka vijana gerezani, wafungwa wanawafokea mpaka waogope. Nimpeleke? Au kuna kaka humu anaweza kukaa nae?

---

Pole sana dada, na umefanya vizuri kusema, wengi tunaficha mpaka polisi wabishe hodi. Hiyo ya gerezani tafadhali usimpeleke. Marekani wameifanya miaka mingi na ilipopimwa ikaonekana vijana waliopelekwa waliishia kufanya makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa. Kijana ukimtisha mbele ya wenzie, kazi yake inakuwa kuonyesha kwamba hajatishika.

Chicago kuna programu inaitwa Becoming a Man, inafanyika shuleni, vijana wanakaa duara na mtu mzima mmoja kila wiki. Kuna zoezi lao nalipenda mno. Wanakaa wawili wawili, mmoja anapewa mpira aufumbate mkononi, mwenzie anaambiwa una sekunde 30 uupate. Basi hapo ni kukunjana vidole, kuvutana, kuangushana chini. Muda ukiisha mwalimu anauliza, mbona hakuna aliyemwomba mwenzie? Wanajibu asingenipa, angeniona mnyonge. Anamgeukia mwenye mpira, je ungeombwa? Na mara nyingi jibu ni ningempa tu, si mpira tu jamani. Hakuna mahubiri, kijana anajiona mwenyewe alivyodhani vibaya. Watafiti wa University of Chicago walikuta kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua karibu nusu wakati vijana wako kwenye programu, ila programu ilipoisha huko kupungua kwa kukamatwa hakukudumu, ndo maana mi nasisitiza muda.

Kwa hiyo kaka zangu mnaotaka kujitolea, kama huna mwaka mzima usianze. Utafiti wa Grossman na Rhodes wa 2002 ulionyesha vijana waliodumu na menta, yaani mtu mzima wa kujitolea anayemshika kijana mkono, mwaka au zaidi ndo waliofaidika sana, na walioachwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza walizidi kujiona hawana thamani. Huyu mtoto keshaachwa na baba, wewe ukija na mbwembwe ukapotea kwa kisingizio cha kazi unakuwa baba wa pili kuondoka.

Kingine, msiwakusanye wakorofi watupu chumba kimoja, wanafundishana. Wachanganyeni na wanaofanya vizuri na kila mmoja apewe jukumu la kweli, siyo kubeba viti. Dada, sisi tulio ugenini watoto ndo wanaijua lugha ya huku, kwa hiyo nakisia huyo kijana ndo anakusomea barua zote nyumbani, hata ya kusimamishwa kwake pengine kaisoma yeye. Yaani nyumba nzima inaegemea kichwa chake halafu tunamwita mtoto wa shida! Huo ni uongozi tayari, mpeni nafasi awasaidie wageni waliofika juzi kujaza fomu, awafundishe wadogo hesabu, na akikosea msimnyang'anye hapo hapo, kaeni nae arekebishe.

---

Naunga mkono. Naomba niongeze tu kwamba yeyote atakayekaa na mtoto wa mtu akaguliwe kwanza rekodi yake ya polisi, hata kama tunamjua miaka, Uingereza hiyo ni DBS. Wakutane sehemu ya wazi, mama ajue wapi na saa ngapi.

---

Asanteni sana, gerezani haendi. Barua kweli kaisoma yeye, na ile sehemu ya ugomvi aliiruka.

---

Dada mi nipo, jumamosi mchana sina kazi na ukaguzi nilishafanyiwa. Ila kwanza muulize yeye kama anataka, akikubali tuonane wote watatu, akikataa usimlazimishe, niambie tu nitauliza tena mwezi ujao.