Maporomoko ya maji yaliyoganda karibu na Calgary: mama mwenye goti bovu ataweza kufika?

Mkaazi wa Tudor

Assalam alaikum ndugu zangu. Panapo majaliwa, mwezi wa Januari nitasafiri kutoka hapa Mombasa pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 64, na binti yangu wa miaka 9, kwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Calgary, nchini Kanada. Dada alitutumia picha za maporomoko ya maji yaliyoganda yakawa kama nguzo za kioo, na tangu siku hiyo mama, ambaye maisha yake yote ameijua barafu ya ndani ya friji na ya masanduku ya samaki tu, hana mazungumzo mengine. Anatembea vizuri kwenye njia tambarare, lakini goti lake la kushoto halistahimili ngazi ndefu. Je, ipo njia fupi tunayoweza kumpeleka bila kumtesa? Na kwa kuwa huvaa buibui kila atokapo, avae vipi huko?

Binti Kisauni

Waalaykum salaam, kaka. Nimekaa Calgary kwa miaka sita, na mahali ambapo ningempeleka mama yako kwanza ni korongo la Johnston Canyon, ndani ya hifadhi ya Banff, takriban saa moja na nusu kwa gari. Kuna maporomoko mawili katika njia moja: ya chini yako mwendo wa kilomita 1.2 hivi kutoka maegesho, na ya juu yako kilomita 2.5. Sehemu kadhaa za njia hiyo ni vijia vilivyoshikizwa kwenye ukuta wa mwamba juu ya mto, vyenye vyuma vya kushikia pembeni, na mwinuko wake wa kuelekea maporomoko ya chini ni wa taratibu. Huko utakuta tundu fupi ndani ya jabali. Ukiinama na kupita, unatokea mbele ya barafu yenyewe. Yale ya juu yana kimo cha mita 30 hivi, na mara nyingi utawakuta watu wakiukwea ukuta wake kwa kamba na vishoka, lakini mwache mama aamue mwenyewe baada ya kuona hali ya goti.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze ni viatu. Theluji ikikanyagwa na watu wengi hushindiliwa ikawa barafu tupu, na kuitembea ni sawa na kutembea juu ya sakafu ya marumaru iliyomwagiwa maji ya sabuni. Zipo raba zenye meno ya chuma ambazo huvutwa zikavalishwa juu ya viatu vya kawaida, na mjini Banff hukodishwa. Mkodishieni kila mmoja, hata mtoto, kisha mpigeni hatua fupi na kukanyaga kwa wayo mzima.

Kuhusu buibui, refu hufagia theluji, pindo likalowa, kisha likaganda likawa gumu kama ubao. Mimi nilijishonea lililoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikavaa suruali nzito ndani na koti juu.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Naongeza jambo moja ambalo picha hazilionyeshi. Maporomoko yanapoganda, maji kwa kawaida hayasimami. Matone yanayorukia jabali ndiyo hushika kwanza, tabaka juu ya tabaka, huku mkondo ukiendelea kushuka ndani kama ulio ndani ya bomba, mkitulia mtausikia. Ile rangi ya buluu mliyoiona kwenye picha hutokea kwa sababu barafu nene humeza wekundu wa mwanga na kuipitisha buluu.

Kwa hiyo barafu hiyo si jiwe. Msisimame chini ya vining'inia vyake, wala msikanyage dimbwi lililo chini ya maporomoko, kwa kuwa maji yanayozunguka hapo huifanya barafu iwe nyembamba. Kule Niagara watu walizoea kutembea juu ya daraja la barafu lililojijenga chini ya maporomoko, hadi tarehe 4 Februari 1912 lilipokatika likachukua watu watatu, na tangu hapo ikapigwa marufuku kulipanda. Calgary nayo ina upepo uitwao Chinook, unaoshuka kutoka Milima ya Rocky ukiwa mkavu na wenye joto, na unaoweza kupandisha halijoto kwa nyuzi nyingi ndani ya saa chache. Siku ya upepo huo barafu hulegea, basi ahirisheni safari.

Mama Rehema, Kongowea

Makoti mazito msiyanunue huko kwa bei ya dukani. Kwenye mitumba ya Kongowea hupatikana makoti ya baridi, tena mazuri, kwa kuwa hapa kwetu wanunuzi wake ni wachache. Nguo ya kugusa mwili isiwe ya pamba, kwani pamba hushika jasho na jasho hilo humpoza mtu, tafuteni sufu. Simu nayo ikae mfuko wa ndani, maana baridi humaliza chaji upesi.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru sana. Tutaishia maporomoko ya chini, na kesho nampeleka mama Kongowea. Limebaki swali lake mwenyewe: tukiwa njiani, udhu utakuwaje katika baridi kama hiyo?

Binti Kisauni

Atawadhe nyumbani kabla ya kutoka, kisha avae khofu, yaani soksi za ngozi, akiwa na udhu kamili. Asiye safarini huzipangusa kwa maji, badala ya kuosha miguu, kwa siku moja na usiku wake, na msafiri siku tatu na mausiku yake. Nunueni hapa hapa Mombasa, pana kidogo kuliko mguu, ili soksi ya sufu ipate kuingia ndani. Pia ondokeni mapema, kwa sababu mwanzoni mwa Januari jua la Calgary huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na Alasiri na Magharibi hukaribiana mno.